Kudhibiti Kasi ya Mota Ndogo ya DC

Kasi ya mota ndogo ya DC huamuliwa na mambo matatu: volteji inayofika kwenye ncha zake, mzigo inaousukuma, na ukinzani wa njia nzima ya umeme kuanzia betri hadi kwenye koili zake. Anayetaka kuipunguza au kuiongeza kasi hiyo hana budi kugusa mojawapo ya hayo. Mbinu zilizopo ni nyingi, lakini zinatofautiana sana kwa umeme zinaopoteza na kwa jinsi mota inavyojibu pale mzigo unapobadilika.

Suala hili lina uzito mahali ambapo betri na paneli ya sola ndivyo vinavyoendesha kazi. Rudewa, kata ya wilaya ya Kilosa mkoani Morogoro iliyo kando ya barabara ya Dumila kwenda Kilosa, ni mahali pa namna hiyo. Ni nchi ya mpunga, mahindi, ufuta, alizeti na mkonge. Katika mazingira kama hayo mota ndogo ya volti 12, mara nyingi iliyotolewa kwenye gari bovu, inaweza kuzungusha feni ya kupepetea nafaka, kufukuta moto wa mhunzi, kusukuma maji ya bustani au kugeuza mayai kwenye mashine ya kutotolea vifaranga. Kila kazi inadai kasi yake. Upepo unaotosha kuondoa mapepe kwenye mpunga hupeperusha ufuta pamoja na makapi yake, kwa kuwa punje ya ufuta ni nyepesi mno. Mota isiyo na kidhibiti cha kasi hufaa zao moja tu.

Kinachotokea ndani ya mota

Mota ya kawaida ya aina hii ina sumaku za kudumu zilizobandikwa ndani ya ganda la chuma. Katikati huzunguka rota iliyofungwa koili za waya wa shaba. Umeme huingia kwenye koili hizo kupitia vipande viwili vya kaboni vinavyosugua komuteta, yaani pete ya shaba iliyokatwa vipande. Rota inapozunguka, komuteta hubadilisha koili inayopata umeme, hivyo msukumo wa sumaku huendelea upande uleule.

Mota inayozunguka pia huzalisha umeme, kama dainamo. Umeme huo hupinga ule unaotoka kwenye betri, ndiyo maana huitwa volteji kinzani. Rota ikizunguka haraka zaidi, volteji kinzani huongezeka kwa uwiano uleule. Mkondo unaopita ndani ya mota ni tofauti kati ya volteji ya betri na volteji kinzani, ikigawanywa kwa ukinzani wa koili. Nguvu ya kuzungusha nayo hulingana na mkondo: mkondo ukiwa mara mbili, nguvu ya kuzungusha ni mara mbili.

Kutokana na hayo mota hujirekebisha yenyewe kwa kiasi fulani. Mzigo ukiongezeka, rota hupungua kasi, volteji kinzani hushuka, mkondo hupanda, nguvu ya kuzungusha huongezeka hadi ilingane na mzigo. Mota hutulia tena, safari hii kwa kasi ndogo zaidi. Ikizuiwa kabisa isizunguke, volteji kinzani huwa sifuri na mkondo hufika kilele. Hapo ndipo koili huungua.

Mfano mmoja wa tarakimu utatumika katika maelezo yote. Chukua mota ya volti 12 yenye ukinzani wa ohm 1.5. Bila mzigo huzunguka mara 3,000 kwa dakika na kuvuta ampea 0.5, ambazo huishia kwenye msuguano wake wenyewe. Ampea hizo zikipita kwenye ohm 1.5 hupoteza volti 0.75, volteji kinzani basi ni 11.25. Ukigawanya 11.25 kwa 3,000 unapata volti 0.00375 kwa kila mzunguko mmoja kwa dakika. Namba hii ndiyo tabia ya mota hiyo na haibadiliki maadamu sumaku zake ni zilezile.

Sasa mota ifungwe feni inayoifanya ivute ampea 2. Volti 3 hupotea kwenye koili, volteji kinzani hubaki 9, na kasi huwa mizunguko 2,400. Ikizuiwa, mkondo hufika ampea 8. Volteji ikishushwa hadi 6 huku mzigo ukiendelea kudai ampea 2, volteji kinzani hubaki 3, nayo kasi huwa 800. Volteji imepungua kwa nusu, lakini kasi imeshuka hadi theluthi moja. Ukinzani wa ndani ndio uliosababisha tofauti hiyo, na ndio unaoeleza sehemu kubwa ya usumbufu wa kudhibiti mota ndogo.

Kuijua mota iliyookotwa

Mota iliyotoka kwenye gari au redio mara nyingi haina maandishi yanayosomeka. Vipimo vyake hupatikana kwa mita ya kawaida ya fundi. Kupima ukinzani moja kwa moja kwa mita hudanganya, kwa sababu mguso wa kaboni na komuteta hubadilika kila rota inaposogea. Njia ya uhakika zaidi ni kushikilia mhimili usizunguke, kuipa mota volteji ndogo kama 1.5 ya betri moja ya tochi, na kupima volteji iliyopo kwenye ncha za mota pamoja na mkondo unaopita. Volteji ikigawanywa kwa mkondo hutoa ukinzani. Kipimo hurudiwa rota ikiwa kwenye nafasi mbalimbali, kisha huchukuliwa wastani.

Kasi hupimwa kwa kubandika kipande cha karatasi nyeupe kwenye mhimili na kuurekodi kwa simu yenye uwezo wa kupiga video ya mwendo wa polepole. Simu inayopiga picha 240 kwa sekunde hunasa karibu picha tano kwa kila mzunguko wa mota ya mizunguko 3,000. Hiyo inatosha kuhesabu.

Waya nao huingia kwenye hesabu. Betri ikiwa umbali wa meta 10, umeme husafiri meta 20 kwenda na kurudi. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba una ukinzani wa ohm 0.23 hivi kwa urefu huo. Wa milimita 0.5 una ohm 0.7. Kwa ampea 2, waya mwembamba hupoteza volti 1.4, na mota ya mfano hupungukiwa na mizunguko 370 hivi kabla ya kidhibiti chochote kufungwa. Mota nyingi zinazolaumiwa kuwa dhaifu zina waya mwembamba tu.

Rezista: njia ya zamani

Njia rahisi kuliko zote ni kuweka rezista kati ya betri na mota. Ndiyo iliyotumika kwa miaka mingi kwenye feni ya ndani ya magari. Swichi yenye kasi tatu au nne huelekeza umeme kupitia koili za waya wa ukinzani zilizopangwa kwa mfuatano. Kasi ya juu kabisa hupita moja kwa moja bila koili. Mafundi wa magari huutambua ubovu wake bila kufungua kitu: feni ikifanya kazi kwenye kasi ya mwisho tu na kugoma kwenye nyingine, rezista imekatika.

Rezista ina kasoro mbili. Ya kwanza ni joto. Kwenye mota ya mfano, rezista ya ohm 3 ikibeba ampea 2 huchoma wati 12, nusu ya wati 24 zinazotoka kwenye betri. Rezista ndogo za saketi za redio haziwezi kubeba joto hilo, zitafuka moshi.

Kasoro ya pili ni kuyumba kwa kasi. Kwa rezista hiyo ya ohm 3 na mzigo wa ampea 2, kasi ni 800. Mzigo ukipungua hadi ampea 1, kasi hupaa hadi 2,000. Lau mota ingepewa volti 6 thabiti bila rezista, mabadiliko hayohayo ya mzigo yangeipandisha kutoka 800 hadi 1,200 tu. Zaidi ya hayo, rezista huubana mkondo wa kuanzia: mota iliyosimama ingepata ampea 2.67 badala ya 4, hivyo inaweza kushindwa kuanza ikiwa na mzigo.

Kwa feni, hata hivyo, kasoro hii ya pili haiumizi sana. Mzigo wa feni hupanda haraka kadiri kasi inavyopanda, kwa hiyo hujizuia wenyewe. Ndiyo maana watengenezaji wa magari waliivumilia rezista kwenye feni, wakati alternata ya gari ilikuwepo kufidia umeme unaopotea. Anayetegemea betri iliyochajiwa kwa jua hana wa kumfidia.

Kugawa volteji na kubadili kaboni

Njia nyingine ya zamani ni kuchagua volteji. Betri mbili za volti 6 zikiungwa kwa mfuatano hutoa 12. Zikiungwa sambamba hutoa 6. Hakuna kinachopotea, ila kasi zinazopatikana ni mbili tu.

Mota ya waipa ina hila yake. Ndani yake kuna kaboni tatu badala ya mbili. Kaboni ya tatu imewekwa pembeni, haitazamani na mwenzake moja kwa moja. Umeme ukipitia kaboni hiyo, sehemu ya koili za rota huacha kuchangia volteji kinzani, na mota hulazimika kuzunguka haraka zaidi ili kuifikia volteji ya betri. Kupitia gia yake, mota ya waipa huzungusha mkono kwa kasi ya mizunguko 45 hivi kwa dakika kwenye waya wa polepole, na 65 hivi kwenye waya wa haraka. Anayeitumia kugeuzia trei ya mayai au kukorogea kitu kizito ana kasi mbili bila kununua chochote.

Kirekebishi cha volteji cha kawaida, mfano LM317, hutoa volteji thabiti inayopangwa kwa kitufe. Kimsingi nacho hufanya kazi kama rezista inayojirekebisha: kushusha volti 12 hadi 6 kwa ampea 1 huchoma wati 6, na kinahitaji bati la aluminiamu la kupozea. Kikomo chake ni ampea 1.5. Kwa mota ya kichezeo cha watoto kinafaa. Kwa mota ya feni ya gari hakitoshi.

Kuwasha na kuzima kwa haraka

Njia iliyozishinda zote kwa kazi za betri hujulikana kwa herufi PWM. Badala ya kushusha volteji, swichi ya kielektroniki huiwasha na kuizima mota maelfu ya mara kwa sekunde. Ikiwashwa nusu ya muda, mota hupata wastani wa volti 6 kutoka kwenye betri ya 12. Ikiwashwa robo ya muda, hupata 3. Koili za mota hukataa mkondo kubadilika ghafla, kwa hiyo mkondo hauruki juu na chini pamoja na swichi. Hupungua kidogo na kupanda kidogo, na mhimili huzunguka bila kushtuka.

Upotevu ni mdogo kwa sababu swichi huwa katika hali mbili tu. Ikiwa imefungua, hakuna mkondo unaopita. Ikiwa imefunga, karibu hakuna volteji inayobaki juu yake. Transista ya aina ya mosfeti iitwayo IRFZ44N, ambayo haina bei kubwa, ina ukinzani wa ohm 0.0175 inapofunga barabara. Kwa ampea 2 hupoteza wati 0.07, tofauti na wati 12 za rezista.

Mara ngapi kwa sekunde iwashwe ni jambo la kuchagua. Chini ya mara 100 mota hutetemeka. Kati ya mara 1,000 na 15,000 huzunguka vizuri lakini hutoa mluzi unaosikika. Kuanzia mara 20,000 mluzi hupita uwezo wa sikio la binadamu, ila mosfeti hupata moto zaidi kwa kubadilika mara nyingi mno. Kwa feni ya kupepetea, ambayo yenyewe ina kelele, mluzi si tatizo.

Saketi ya kujenga

Ubongo wa saketi rahisi ni IC ya 555, iliyobuniwa na Hans Camenzind mwaka 1971 na kuanza kuuzwa mwaka uliofuata. Miguu yake namba 4 na 8 huunganishwa kwenye chanya ya betri, namba 1 kwenye hasi. Mguu wa 2 na wa 6 huunganishwa pamoja na kuelekezwa kwenye hasi kupitia kapasita ya nanofaradi 10. Kapasita nyingine ya kiasi hicho huunganisha mguu wa 5 na hasi.

Kitufe cha kasi ni voliumu ya kilo-ohm 100, ileile inayotumika kwenye redio. Mguu wake wa kati huungwa kwenye mguu wa 7 wa IC, ambao pia hupokea chanya kupitia rezista ya kilo-ohm 1. Miguu miwili ya pembeni ya voliumu huenda kwenye miguu ya 2 na 6 kupitia dayodi mbili za 1N4148 zilizoelekezwa kinyume. Kapasita hujazwa kupitia upande mmoja wa voliumu na kumwagwa kupitia upande wa pili. Kuzungusha kitufe huongeza muda wa upande mmoja na kupunguza wa mwingine, huku jumla ikibaki ileile. Saketi huwaka na kuzima karibu mara 1,400 kwa sekunde kokote kitufe kilipo.

Mguu wa 3 hutoa amri kwenda kwenye geti la mosfeti, yaani mguu wake wa kwanza, kupitia rezista ya ohm 100. Rezista ya kilo-ohm 10 huunganisha geti na hasi, ili mosfeti isijiwashe yenyewe wakati IC haijapata umeme. Mota hukaa kati ya chanya ya betri na mguu wa kati wa mosfeti. Mguu wa tatu wa mosfeti huenda kwenye hasi.

Kuna kifaa kimoja ambacho wengi hukiacha na kujuta: dayodi inayofungwa sambamba na mota, upande wenye mstari ukielekea chanya. Kila mosfeti inapozima, mkondo uliokuwa kwenye koili hutafuta pa kupita. Dayodi huupa njia ya kuzunguka ndani ya mota. Bila dayodi, volteji hupaa ghafla kupita kikomo cha mosfeti na kuiua, wakati mwingine kwa mgeuzo wa kwanza wa kitufe. Dayodi ya 1N4007 iliyozoeleka kwenye chaja ni nzito kubadilika kwa kazi hii. Inayofaa ni ya haraka, kama 1N5822 inayobeba ampea 3.

Karibu na saketi huwekwa kapasita ya maikrofaradi 1,000 ya volti 25 kati ya chanya na hasi. Fyuzi ya ampea 5 huwekwa karibu kabisa na ncha ya chanya ya betri, kwa sababu betri ya asidi ikipigwa shoti inaweza kuyeyusha waya na kuwasha moto.

Tahadhari moja ni mahususi kwa sola. Paneli inayoitwa ya volti 12 hutoa volti 21 au 22 isipokuwa na mzigo, na kikomo cha NE555 ni 16. Saketi hii ikiunganishwa moja kwa moja kwenye paneli, IC hufa jua likichomoza vizuri. Ifungwe kwenye betri, na paneli ichaji betri kupitia kidhibiti chake.

Hesabu ya feni ya kupepetea

Faida ya kudhibiti kasi kwa njia sahihi huonekana vizuri zaidi kwenye feni. Upepo wa feni hulingana na kasi, lakini nguvu inayodaiwa na mhimili hupanda kwa kasi ikizidishwa mara tatu kwa yenyewe. Nusu ya kasi hudai sehemu moja ya nane ya nguvu.

Mota ya mfano ikizungusha feni kwa mizunguko 2,400 huvuta ampea 2, yaani wati 24. Tuseme huo ndio upepo wa mpunga. Ukifika msimu wa ufuta, feni ipunguzwe hadi mizunguko 1,200. Nguvu ya kuzungusha inayodaiwa na feni hushuka hadi robo. Pamoja na msuguano wa mota, mkondo unaohitajika ni ampea 0.875 kwa volti 5.8 hivi. Mota hutumia wati 5 tu.

Kwa saketi ya PWM, betri hutoa wastani wa ampea 0.42. Kwa rezista, ambayo ingehitaji kuwa ya ohm 7, betri hutoa ampea 0.875 na nusu ya wati zake huishia kwenye joto. Betri ya asidi ya ampea-saa 20 haifai kutumiwa zaidi ya nusu, la sivyo maisha yake hufupika. Kwa ampea-saa 10 zilizopo, feni kwa kasi yote hufanya kazi saa 5; kwa nusu ya kasi kupitia rezista saa 11 hivi; kwa nusu ya kasi kupitia PWM zaidi ya saa 23. Katika hali hizo mbili za mwisho mota ni ileile, betri ni ileile, na upepo ni uleule.

Kasi yenyewe hupatikana kwa kujaribu. Kitufe huanzia chini, nafaka humwagwa kwa wembamba mbele ya feni, na upepo huongezwa taratibu hadi punje za kwanza nzima zianze kuangukia upande wa makapi. Hapo kitufe hurudishwa nyuma kidogo na mahali pake hutiwa alama kwa wino: alama moja ya mpunga, moja ya ufuta, moja ya mahindi. Panga za feni zifunikwe wavu. Hata feni ndogo hukata kidole.

Pampu haifuati kanuni ya feni

Pampu ndogo ya maji inayotumia panga za kuzungusha inaonekana kuwa ndugu wa feni, lakini ina sharti la ziada. Kimo ambacho inaweza kupandisha maji hulingana na kasi ikizidishwa kwa yenyewe. Pampu inayofikisha maji meta 6 kwa kasi yote hufikisha meta 1.5 tu kwa nusu ya kasi. Tangi likiwa juu ya meta 4, pampu iliyopunguzwa kasi huzunguka, hula umeme, na haitoi hata tone. Kwa pampu ni afadhali kuiendesha kwa kasi yote, kujaza tangi na kuizima.

Pampu iliyofungwa moja kwa moja kwenye paneli hukutana na shida nyingine asubuhi na wakati wa mawingu. Paneli katika jua hafifu haiwezi kutoa mkondo mkubwa, na mota iliyosimama inauhitaji ili ianze. Kidhibiti maalumu cha pampu za sola hushusha volteji na kuongeza mkondo, hivyo pampu huanza mapema na kuchelewa kusimama.

Kasi isiyoyumba

Mbinu zote zilizotajwa huweka volteji na kuiacha kasi ijitafutie mahali pake. Kazi nyingine hazikubali hivyo. Redio kaseti ni mfano unaokumbukwa na wengi: mkanda ukipita polepole kuliko sentimita 4.76 kwa sekunde, mwimbaji husikika kama ana usingizi. Ukipita haraka, husikika kama mtoto. Mota za kaseti zilipewa saketi ndogo ndani ya ganda lao. Saketi hiyo hukadiria volteji kinzani, ambayo ni kipimo cha kasi, na kuongeza au kupunguza umeme ili kasi isibadilike. Nyuma ya mota hizo kuna tundu dogo. Bisibisi nyembamba ikiingizwa humo hugusa skrubu ya kurekebisha kasi. Betri zikichoka kupita uwezo wa saketi, mkanda huanza kuvuta.

Kanuni hiyohiyo hutumika na vidhibiti vya kisasa. Kompyuta ndogo kama Arduino inaweza kuzima PWM kwa sehemu ndogo ya sekunde, kusubiri mkondo ufe, kupima volteji kinzani na kuilinganisha na kasi inayotakiwa. Au sahani yenye matundu hufungwa kwenye mhimili, na kihisi cha mwanga huhesabu matundu yanayopita. Kosa likionekana, muda wa kuwasha huongezwa au kupunguzwa. Marekebisho yakiwa makali mno, mota hupanda na kushuka bila kutulia. Yakiwa laini mno, huchelewa kujibu. Kipimo cha kati hupatikana kwa kujaribu mzigo halisi.

Inapohitajika kasi ndogo sana yenye nguvu kubwa, kidhibiti peke yake hakisaidii. Mota inayotambaa kwa umeme kidogo haina nguvu ya kuzungusha ya kutosha na haijipozi. Gia au mkanda na puli hupunguza kasi huku zikiongeza nguvu ya kuzungusha, na mota huendelea kuzunguka haraka mahali inapofanya kazi vizuri. Kama mwelekeo nao unapaswa kubadilishwa, hutumika saketi ya swichi nne. Moduli maarufu ya L298N ni ya aina hiyo, ila hupoteza volti 2 au zaidi njiani na hubeba ampea 2 tu kwa kila upande.

Mota kubwa za jirani

Kanuni zinazotawala feni ya volti 12 ndizo zilizovuta treni kupita Kilosa. Mwaka 1891 Harry Ward Leonard wa Marekani alipata hataza ya njia ya kudhibiti mota kubwa kwa kubadilisha volteji ya jenereta inayoilisha, bila kuchoma umeme kwenye rezista. Vichwa vya treni vya dizeli na umeme vilirithi wazo hilo: injini ya dizeli huzungusha jenereta, na jenereta hulisha mota zilizofungwa kwenye ekseli za magurudumu. Dereva anaposogeza mkono wa kasi, hubadilisha mwendo wa injini na umeme wa jenereta.

Reli mpya ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 na kupita wilayani Kilosa, hutumia umeme wa AC wa volti 25,000. Vifaa vilivyo ndani ya treni huwasha na kuzima umeme huo kwa haraka ili kuupa mota kipimo kinachotakiwa. Wazo la msingi halitofautiani na la mosfeti moja kwenye feni ya kupepetea.

Kasoro za kawaida

Mota inayozunguka kwa kasi yote hata kitufe kikirudishwa chini ina mosfeti iliyopigwa shoti, mara nyingi kwa kukosa dayodi. Mota inayonguruma bila kuanza haipati volteji ya kutosha kushinda msuguano; kitufe kipandishwe hadi ianze, kisha kishushwe. Mosfeti inayopata moto kwa mzigo mdogo ina geti lisilopata volteji kamili: IRFZ44N hutaka karibu volti 10, na anayeiamrisha kwa volti 5 za Arduino atumie ya aina ya IRLZ44N. Cheche nyingi kwenye komuteta na kasi inayorukaruka humaanisha kaboni zimekwisha. Mota inayonuka varnishi ya kuungua izimwe papo hapo na mzigo wake ukaguliwe kwanza, kwa kuwa chanzo mara nyingi ni beringi kavu au kitu kilichokwama.

Kwa muhtasari, rezista inafaa kwa feni ya muda mfupi pasipo shida ya umeme. Kirekebishi cha volteji kinafaa kwa mota isiyozidi ampea 1. Gia hutangulia palipo na haja ya nguvu kwa kasi ndogo, na saketi ya kupima kasi huongezwa pale tu mzigo unapobadilikabadilika na kazi haivumilii kuyumba. Kwa kazi nyingine zote zinazotegemea betri na jua, PWM yenye dayodi ya haraka na fyuzi ndiyo ya kuchagua.